Kumtafuta mama yake bibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukoo wa kuukeni pwani

Muulize mtu wa pwani baba yake nani, atakuhesabia hadi wa saba bila ya kuvuta pumzi. Muulize mama yake bibi yake akiitwa nani, atakwambia, "Tukimwita Bibi tu." Maswali haya nimeyakusanya kwa jamaa, kwa majirani na kwa wanaonipigia simu kutoka Maskati na London, tangu ijulikane kuwa nilikaa miaka minne nikimsaka mama wa bibi yangu mzaa mama. Mimi ni mtu wa Unguja, kwa hivyo mifano mingi ni ya huku. Ya Mombasa, Lamu, kusini na Ngazija ya visiwa vya Komoro nimeyatia pale ninapoyajua.

Nianzie wapi?

Kwa mwanamke mkubwa kuliko wote aliye hai katika ukoo wenu, na umwendee wiki hii, si baada ya Idi. Karatasi zimekaa miaka mia, zitakungoja. Yeye hana ahadi hiyo.

Usimwendee na daftari na maswali ya mahakamani. Nenda baada ya alasiri akishaswali, chukua kilo ya sukari na majani ya chai, ukae naye chini jamvini. Kama anapeta mchele, shika ungo mwengine. Habari ya kwanza ya maana kuhusu bibi yangu niliipata huku nikichagua mawe kwenye choroko, na wala sikuwa nimeuliza kitu. Simu ya kurikodi iache mkobani siku ya kwanza. Ya pili mwombe ruhusa.

Na usianze na "baba yake nani". Swali hilo lina jibu lililokaririwa, na likishatoka mlango umefungwa. Uliza alizaliwa nyumba ya nani. Uliza nani alimnyonyesha mama yake alipougua. Uliza nani alikuwa somo yake, yaani mwanamke aliyemfunda, alipovunja ungo, na alipofariki nani walimkosha. Maiti ya mwanamke hukoshwa na wanawake, na aghalabu huwa wa karibu. Ukiwajua waliomkosha, umeshawajua watu wake.

Kwani kuukeni kuna ugumu gani kuliko kuumeni?

Mtoto kwetu huitwa kwa baba. Asha binti Juma wa Khamis: hapo una wanaume wawili na mwanamke mmoja, na vizazi vitatu vimekwisha. Ukipanda kwa baba, jina lenyewe ni ngazi. Ukipanda kwa mama, kila hatua unaanza upya na jina la mtu mwengine kabisa.

La pili, wanawake wazima hawaitwi majina yao. Ni Mama Fulani, Bi Mkubwa, Bibi wa Kajificheni. Wajukuu hukua na lakabu hiyo mpaka ikawa ndiyo jina. La tatu ni talaka. Bibi zetu wengi waliolewa mara mbili, mara tatu, na kila ndoa na mtaa wake. Watoto wa tumbo moja unaweza kuwakuta Malindi, Makunduchi na Wete, kila mmoja na baba yake, wala hawafanani hata herufi moja ya jina la pili.

Lakini lipo la kutusaidia. Mwanamke wa Kiislamu haachi jina la baba yake akiolewa. Binti Juma ataolewa, ataachwa, ataolewa tena, na kwenye kila karatasi ataandikwa binti Juma. Wanaotafuta bibi zao Ulaya, ambako mara nyingi mke huchukua jina la mume, wangetoa pesa nyingi kwa jambo hilo.

Jina la bibi linaweza kuniambia nini?

Mengi, ila usiliamini peke yake.

Majina mengi ya zamani ni kalenda. Mwanajuma na Mwanakhamisi ni siku, Mwanashaabani na Mwanarajabu ni miezi. Mwanaidi ni sikukuu. Chausiku alizaliwa usiku, Mwanamvua mvua ikinyesha. Mosi, Pili na Tatu ni nafasi ya kuzaliwa, na ukimkuta Tatu peke yake, uliza wale wawili walikwenda wapi. Huku kwetu Mwaka ni jina la mtoto aliyezaliwa karibu na Nairuzi, ule mwaka wa jua unaokogwa Makunduchi. Tabu, Shida, Sikujua na Siwema yana kisa ndani yake, na kisa hicho mara nyingi bado kinasimuliwa na mtu. Kitafute.

Halafu kuna majina waliyopewa wanawake walioletwa utumwani: Zafarani, Tausi, Faida, Zaituni. Ni majina mazuri, ya manukato na ndege na heri, lakini siyo waliyopewa na mama zao. Nitakuwa mwangalifu hapa, maana waungwana pia waliita binti zao Zaituni. Jina peke yake ni fununu.

Fununu nyengine ni "binti Abdalla". Mtu asiyejulikana baba yake, au aliyesilimu, mara nyingi huandikwa mwana wa Abdalla, yaani mja wa Mungu, ili nafasi isibaki tupu. Wapo Abdalla wa kweli maelfu, bila shaka. Lakini ukimwona binti Abdalla ambaye huyo Abdalla hana ndugu, hana kaburi, hana shamba wala hana anayemkumbuka, basi pengine hakuwapo.

Na watu hubadilisha majina. Siti binti Saad, yule mwimbaji aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 akaitwa Mtumwa. Baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Siti ni jina la heshima alilolipata ukubwani mjini. Anayetafuta mtoto aitwaye Siti katika Fumba ya miaka ile hatampata hata akeshe.

Hakuna anayejua alizaliwa mwaka gani. Nifanyeje?

Tafuta tukio, acha mwaka. Wazee huhesabu kwa matukio, na matukio yana tarehe. Kimbunga kilichong'oa minazi na mikarafuu ya Unguja ni cha Aprili 1872. Mabomu ya Waingereza kwenye Beit al-Hukum, jumba la Sultani wa Unguja, ni tarehe 27 Agosti 1896. Kwa watu wa kusini kuna Majimaji, 1905 hadi 1907, na kimbunga cha Lindi cha 1952. Vita vya Wajerumani ni 1914 mpaka 1918, na homa kubwa ilikuja vita vikiisha. Mama yangu mkubwa alisema tu, "Alikuwa mwari mabomu yakipigwa." Mwari ni msichana wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Toa kwenye 1896, umefika 1882 au hapo karibu. Hiyo inatosha kuanza kazi.

Ukikuta tarehe ya Kiislamu usiipige chenga. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Shaabani 1330 ni kati ya Julai na Agosti 1912. Na kumbuka mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo marehemu aliyeandikwa kafa na miaka 66 ya Hijria alikuwa na 64 ya jua.

Karatasi zenye majina ya wanawake zipo wapi?

Watu wakisikia "nyaraka" hufikiria vyeti vya kuzaliwa. Kwa bibi aliyezaliwa 1882 viweke kando. Fuata mali. Mwanamke wa pwani aliweza kumiliki, kurithi, kuuza, kuweka rehani na kushitaki kwa jina lake, na penye mali pana hati.

Kwa Unguja na Pemba, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani. Humo mna kesi za mirathi, mauzo ya nyumba na mashamba ya karafuu, barua za ubalozi wa Kiingereza na mafaili ya wakfu. Baadhi ni Kiingereza, baadhi ni Kiarabu, na nyengine Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ikiwa huwezi kusoma mwandiko wa zamani, nenda na anayeweza, hata umlipe. Na upande wa Kiingereza soma kwa sikio, si kwa jicho: karani aliandika alivyosikia, na Mwanaisha mmoja unaweza kumkuta kwa tahajia nne katika faili moja.

Kwa pwani ya Kenya kuna hazina ambayo wengi hawaijui. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwalazimisha watu wa ukanda wa pwani wa maili kumi kupeleka madai yao na kueleza waliipataje ardhi. Wanawake nao walipeleka. Sasa fikiria mtu anaeleza: shamba hili nimerithi kwa mama yangu, naye kwa mama yake. Hiyo ni nasaba ya kuukeni, imeandikwa na serikali iliyokuwa ikitafuta kitu chengine kabisa.

Lamu nyumba yenyewe ndiyo karatasi. Desturi ya waungwana ilikuwa kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Jumba la mawe likikaa katika ukoo kwa vizazi, limepita kwa wanawake. Kwa hiyo watu wa Lamu wasiulize tu "babu yetu alikaa wapi". Waulize nyumba ile ilikuwa ya nani kabla ya bibi, na kabla ya huyo.

Tanganyika ya Wajerumani iko katika nyaraka za Dar es Salaam, Upanga. Wale ambao bibi zao walilelewa na wamisheni wana bahati ya peke yake. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanza 1868, Mbweni hapa Unguja, na Frere Town ya Mombasa ya mwaka 1875, ziliandika waliobatizwa na waliooana, wasichana kwa wavulana.

Kwenye hati ya ndoa ya zamani niangalie nini?

Walii. Kila mtu hukimbilia mahari. Mahari itakwambia kidogo kuhusu hadhi, lakini aliyemwozesha bibi yako ndiye atakayekwambia bibi yako alikuwa na nani duniani. Akiozeshwa na baba, sawa. Akiozeshwa na kaka au ami, aghalabu baba keshakufa, na sasa una jina jipya la kufuata. Akiozeshwa na kadhi mwenyewe, pengine hakuwa na jamaa wa kiume wa karibu. Na akiozeshwa na mwanamume asiyehusiana naye kwa jina lolote, simama hapo. Kisheria, mwanamke aliyeachwa huru na hana jamaa wa kiume wa nasaba, walii wake ni aliyemwacha huru.

Walii ndiye aliyeniokoa na kosa langu kubwa. Mwaka mzima nilimfuata mwanamke mwenye jina la mama wa bibi yangu, jina la baba yake lilelile, mjini humuhumu, umri ule ule. Nilishamchorea mti, nimeshawapigia simu wajukuu zake na tumeitana ndugu. Siku nilipoipata ndoa yake, walii alikuwa kaka yake, mtu wa Vuga mwenye ndugu sita. Wetu hakuwa na kaka. Kuwapigia tena wale watu na kuwaambia sisi si ndugu ilikuwa kazi ngumu kuliko utafiti wote. Bado mmoja wao hunitumia salamu za Idi, anasema yeye keshanizoea.

Ndugu wa kunyonya wanahesabiwa?

Wanahesabiwa, tena mapema. Ziwa linaharimisha ndoa kama damu, ndiyo maana wanawake walilikumbuka kwa uangalifu mkubwa. Utamkuta mzee kasahau jina la babu yake lakini anajua vizuri kwamba watoto wa nyumba ile hawaolewi kwetu kwa sababu ya bibi fulani aliyenyonyesha msichana wetu siku arobaini. Ukisikia "wale hatuoani nao" uliza kwa nini. Ama kuna ziwa, ama kuna tumbo, ama kuna ugomvi. Yote matatu ni habari.

Chora mstari wa ziwa kwa rangi nyengine usije ukachanganya na uzazi.

Naogopa nitakuta utumwa.

Pengine utaukuta. Sitakudanganya, na sitakwambia kwamba haijalishi, maana iko mitaa ambapo mpaka leo inajalisha kwenye posa. Tunapenda kusema mwacha asili ni mtumwa. Sijui tunawaambia nini wale ambao asili yao wenyewe ndiyo wanayotakiwa waifiche.

Tarehe zitakusaidia kujua utazame wapi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Amri ya kuondoa utumwa ilitoka tarehe 6 Aprili 1897 chini ya Sultani Seyyid Hamoud, lakini haikumwacha mtu huru kitandani mwake: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe akaombe uhuru wake, na bwana alipwe fidia. Wanawake nao walikwenda. Waliokwenda waliandikwa, pamoja na kabila na bwana. Ndipo unapoweza kukuta neno "Mnyasa" au "Mzaramo" au "Mmanyema" pembeni ya jina ambalo familia yako inasema ni la mtu wa Pemba. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa 1907, Tanganyika 1922.

Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, waliachwa nje ya amri ya 1897 mpaka 1909. Kwa hiyo bibi yako akiwa suria, usimtafute kwenye daftari za walioachwa huru. Mtafute kwenye mirathi ya bwana wake. Sheria ni hivi: mtoto wa suria, bwana akimkubali kuwa wake, ni huru, anarithi sawa na wa mke wa ndoa na anashika nasaba ya baba yake kamili. Mama haruhusiwi kuuzwa tena, na bwana akifa yeye ni huru. Sheria hiyo ilimlinda mtoto, lakini kwa njia hiyo hiyo ilimmeza mama. Watoto wa Sultani Seyyid Said karibu wote walizaliwa na masuria. Mama yake Seyyid Barghash alikuwa Mhabeshi, na wangapi wanajua? Jilfidan, suria mwengine, Mcherkesi wa milima ya Kaukazi, tunamjua jina kwa sababu moja tu: binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliishia Ujerumani na akamwandika. Wenzake Jilfidan hawakuwa na binti aliyekwenda Ujerumani.

Sasa langu. Kwetu tuliambiwa mama wa bibi ni mtu wa Pemba, basi. Nilipekua Chake na Wete nisipate kitu. Mwaka wa tatu, katika faili la wakfu la nyumba moja ya mjini, nilikuta mwenye nyumba, mwanamke, kaacha kodi ya vyumba vya chini iwe ya wale aliowaacha huru na vizazi vyao. Wakfu za namna hiyo si chache Unguja. Majina saba, matano ya kike. La nne lilikuwa la mama wa bibi, na la tano limeandikwa "na mama yake", bila jina.

Nilikwenda kwa mama mkubwa na nakala mkononi, moyo unanidunda, nikidhani namletea msiba. Alivaa miwani, akasoma, akanirudishia. "Hawa ndio tukienda kwao Mfunguo Mosi," akasema, yaani mwezi wa Idi baada ya Ramadhani. "Mbona hukuniuliza?" Nikamwambia nimekuuliza, mara ngapi! Akasema, "Uliniuliza baba yake nani. Baba yake hatumjui. Ungeniuliza nani kamnyonyesha mama, ningekwambia ni huyu wa tatu hapa." Akanitajia na yule asiyeandikwa.

Wazee wetu wanasema sisi ni Washirazi, tumetoka Uajemi. Kipimo cha vinasaba kitasema nini?

Kitasema kwamba wazee hawakusema uongo, ila walikuwa wakimhesabu baba.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 na katika mji mmoja wa bara, miongoni mwa miji hiyo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Walikuta watu wa Uajemi kweli walichanganyika na watu wa pwani tangu karibu na mwaka 1000, na sehemu kubwa ya damu hiyo ya Asia ililetwa na wanaume. Baada ya 1500 mchango wa Arabuni ukazidi. Upande wa mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Wale wanaosema "sisi ni Waajemi" na wale wanaosema "ni hadithi tu" walikuwa wakibishana kuhusu nusu moja ya nyumba.

Kwa kazi yako, kipimo kinachofuata mama ni kile cha vinasaba vinavyotoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote na kuendelezwa na mabinti peke yao. Kitakueleza mama wa mama wa mama wa mama, mstari mmoja tu kati ya mingi, wa maelfu ya miaka. Hakitakupa jina wala kijiji. Kile cha jamaa wa karibu kinaweza kukupatia binamu, lakini watu wa pwani waliopima ni wachache, na utakaowapata wengi watakuwa walioko Ulaya na Marekani. Pia ujue kipimo huzungumza hata yale usiyoyauliza. Nina jamaa aliyepima kutafuta bibi akapata kaka.

Bibi yangu ni Mngazija. Ni hivyo hivyo?

La, wewe una afadhali. Ngazija ukoo hufuata mama. Nyumba hujengewa binti, mume akahamia kwake, na ardhi ya manyahuli hurithishwa kwa wanawake juu ya kwamba watu wote ni Waislamu. Mwulize jamaa yeyote wa Ngazija nyumba ya bibi yako ni ipi na mji gani. Shida yako itakuwa kwa waliozaliwa Unguja, ambao wengi walishaanza kuhesabu kwa baba kama sisi.

Vivyo hivyo ukiwa Mdigo, fuko lako, yaani ukoo, ni la mama, ingawa mirathi ya Kiislamu imegongana nalo muda mrefu. Ukiwa Mmakonde, Mmwera, Mmakua au Myao, uliza wajomba. Mjomba kusini ana kauli kwa watoto wa dada yake, na anayejua mama wa mama yako aghalabu ni yeye kuliko baba yako.

Itanisaidia kupata kitambulisho, uraia au urithi?

Kitambulisho huenda. Pwani ya Kenya watu wameulizwa karatasi za bibi zao sana; Wamakonde walianza kupewa vitambulisho 2017, Wapemba wakatambuliwa 2023. Uraia wa Oman usiutarajie kupitia kwa bibi, huko nako wanatazama baba. Urithi wa bibi aliyekufa miaka mia iliyopita ni mlolongo wa mirathi ndani ya mirathi, mwone kadhi, na jiandae kugombana. Wakfu ndio wa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ukiandikwa "na vizazi vyao", vizazi hivyo pengine ni nyinyi.

Kwetu hakuna mzee aliyebaki hata mmoja.

Tafuta karatasi ya hitima. Kila familia ina daftari, au kipande kilichokunjwa ndani ya msahafu, chenye majina ya marehemu wanaorehemiwa kwenye hitima na katika Shaabani. Sisi yetu ilikuwa nyuma ya kalenda ya mwaka 1971, kwa wino wa buluu, imeliwa na mende pembeni. Majina hayo hayapangwi ovyo. Huanza na wa karibu kwa aliyeandika, na wanawake wamo kwa majina yao kamili kwa sababu dua haiombewi lakabu.

Baada ya hapo nenda mtaani. Jirani wa miaka themanini si ndugu yako, lakini hana haya za ndugu. Atakwambia yale ambayo shangazi yako angekufa nayo.

Nikishapata, niandikeje?

Anzia kwa mama yako, juu ya ukurasa, wanaume uwaweke pembeni kama waume na baba. Ukianza na baba, kalamu itakurudisha kuumeni bila ya wewe kujua. Mbele ya kila jina andika nani amekwambia, wapi, tarehe gani. "Mama mkubwa, barazani, tarehe tisa Mfunguo Tatu" ina thamani zaidi kuliko mchoro wa rangi. Wawili wakipingana, waandike wote wawili. Penye pengo acha pengo, usitie Abdalla wako.

Kabla hujasambaza kwa jamaa waulize waliokupa. Mimi majina yale saba ninayo, na hapa sikuyataja. Mama mkubwa alikubali niyaandike kwenye daftari la nyumbani na niyapeleke kwa anayesoma hitima. Shaabani iliyopita yalisomwa yote, na yule asiyeandikwa kwenye wakfu akasomwa kwa jina lake.